Uliyelala Ukitazama Tangi la Maji

Mume wangu, baba Zuhura,

Hali sikuulizi, maana nimekuona mwenyewe. Mimi mzima, Zuhura mzima na sasa ananipita kimo, na saluni yetu bado ipo pale pale katikati ya Durban, kiti changu dirishani na cha Mama Beya nyuma yangu, na redio katikati tukiigombania. Barua hii nakuandikia mbele za watu kwa makusudi. Kisa chako kimekwisha kuzunguka mji huu, na kila mdomo umekitia chumvi yake. Mmoja anasema nilikwenda kukufukua. Mwingine anasema nimeposwa na mkubwa wa kisiwa. Heri niseme mwenyewe, nawe ukiwa shahidi wangu.

Lakini niache nianzie Isipingo, kwenye ile harusi. Unaikumbuka? Zuhura alikuwa bado mgongoni, mimi nimejipamba hina hadi kwenye viwiko. Isipingo iko kusini ya mji, hata mtoto anajua. Wewe ukatupakia kwenye taxi ya KwaMashu, daladala ya kaskazini kabisa, ukakaa kwa raha zako kama mwenye gari. Nilipoona bahari iko kuliani badala ya kushotoni, nikakunong'oneza tumuulize dereva.

"Kuuliza si ujinga, baba Zuhura."

"Si ujinga," ukasema, "lakini na mimi nina kichwa changu. Tutafika tu."

Tukafika, ndiyo. Tulifika ndoa imekwisha kufungwa, bibi harusi amekwisha kulia na kunyamaza, na pilau ndiyo kwanza linapakuliwa. Ukakaa mbele ya sinia, ukanikonyeza. "Si nilikwambia? Tumefika penyewe." Sikuongea nawe mpaka tulipopanda taxi ya kurudi, tena hiyo niliichagua mimi.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Ulipopata kibarua cha kutengeneza makabati Morningside, ulizunguka mitaa ile ya matajiri asubuhi nzima mpaka mlinzi mmoja akadhani unachungulia nyumba za kuibia. Kumuuliza huyo huyo mlinzi njia, hukutaka. Upande mmoja tu wa dunia uliujua bila kusitasita, nao ni kaskazini. Tumezaliwa Tanga, na Tanga kibla ni kaskazini. Tumehamia Durban, kibla ni kaskazini vilevile. Miaka yote ile ulitandika mswala bila kutazama jua wala simu, mwili wako wenyewe ukageuka kama mlango unaorudi kwenye fremu yake. Nilikuwa nikikutazama nikiwa jikoni, nikijiambia kwamba angalau hapo mume wangu hapotei.

Kisha ukapata kazi bandarini, kwenye boti zile za matanga ambazo matajiri wanaundiwa hapa kwetu. Ulianza kwa kupiga msasa, ukaishia kuaminiwa kuzipeleka kwa wenyewe. Safari ya mwisho ilikuwa ya boti mpya ya mtu wa Tahiti, ng'ambo ya ng'ambo, kwenye bahari ya Polinesia. Ulinionyesha kwenye simu, na kidole chako kikafunika visiwa vyote kwa udogo wake. Nikakuuliza, huko mtapita wapi? Ukacheka. Ulijua kwamba ninalijua jibu.

Tumbo lilikukamata baharini, mkiwa mmekaribia mwisho wa safari. Bongani, mwenzako wa chombo, ndiye aliyenisimulia aliporudi. Kisiwa cha karibu kilikuwa kidogo, na hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege ya wagonjwa ikashindwa kuja kwa wakati. Ulikaa siku chache nyumbani kwa mama mmoja wa kijijini, na humo ndimo ulimofia. Ulikuwa mwaka ule wa corona, mipaka imefungwa, maiti haisafiri. Wakakuzika palepale. Bongani ni kijana wa Umlazi, Mkristo, lakini amehudhuria mazishi ya Waislamu wengi hapa Durban. "Mama, I told them, white only," aliniambia, huku machozi yanamtoka. "Walitaka kumfunika na blanketi nzuri ya maua. Nikasema hapana. White only, nyeupe tu." Namshukuru hadi leo.

Lakini Bongani hakujua jambo moja, na ndilo aliloliuliza mama yako.

Unamjua mama yako. Bi Mwanahawa hakulia kwenye simu. Aliniuliza tu, "Kalazwaje mwanangu?" Nikamwambia sijui, mama. Wiki iliyofuata akauliza tena. Kila nikipiga Tanga, kabla ya salamu kuisha, swali ni lile lile: uso wa mwanawe umeelekea wapi. Macho yake yalikuwa yanaanza kuingia giza, na kadiri alivyopoteza kuona ndivyo alivyozidi kukuona wewe, umelala upande usio wako, huku watu wasiojua Fatiha wakikutupia mchanga. Mwisho akaniambia waziwazi. "Kamtazame. Kama hakulazwa vizuri, mgeuze. Nisife na swali hili."

Niseme kweli, mume wangu. Lilikuwa swali lake, lakini na mimi lilikuwa linanila. Nilikuwa nikisuka nywele za mtu, ghafla mikono inasimama. Nilikuwa nakufikiria uko peke yako, tena kisogo chako kikiwa Makka.

Mipaka ilipofunguka, wenye boti wakakubali kunikatia tiketi. Visa ilinisumbua mpaka nguo zikanipwaya. Mama Beya ndiye aliyenitia moyo, kwa namna yake na kwa Kiswahili chake cha Kongo.

"Weye utaongea na nani kule?" alinambia, chanuo mkononi, mteja katikati yetu. "Kule banasema Français. Na Français yako weye ni ya bonjour tu. Utaongea na samaki?"

"Nitaongea kwa ishara."

"Eish, ma chérie, ishara ya kufukua maiti ni gani? Sikia. Utanipigia pa WhatsApp. Ule mama aseme kwa mimi, mi njo nitakuelezea."

Yeye mwenyewe hawezi kusafiri, karatasi zake za ukimbizi hazimpeleki hata Maputo. Akanipa sauti yake nisafiri nayo.

Sitakuchosha na ndege, nilipanda moja baada ya nyingine mpaka nikasahau ni siku gani. Ya mwisho ilikuwa ndogo, na baada yake mashua ya injini. Kisha nikakiona. Baba Zuhura, ile si nchi, ni pete! Ukanda mwembamba wa minazi umeyazunguka maji ya kijani, na bahari kuu inanguruma kwa nje. Una vijiji viwili. Kipya kiko karibu na gati, kina ofisi, shule na taa za sola. Kikongwe kiko ng'ambo ya pili, na huko ndiko ulikokuwa. Wengi walikihama baada ya kimbunga cha enzi za babu zao, wakaacha kanisa na nyumba zimesimama, na hadi leo wanakwenda kuzipaka chokaa kwa zamu, ukoo kwa ukoo, ili wazee wao wasione wametupwa. Nyuma ya kanisa kuna ukumbi wa mawe wa mababu wa zamani zaidi, kabla ya kanisa na kabla ya Wafaransa. Hapo hakuna anayekaa juu ya jiwe hata kwa kupumzika.

Nilishika ukuta wa nyumba moja nikajua ninachoshika. Chokaa ile wameichoma kutoka kwenye matumbawe, kama kuta za kina bibi Pangani. Mbele ya nyumba kulikuwa na mbata zimeanikwa. Mshelisheli ulikuwa uani. Nimekwenda mwisho wa dunia nikakuta uwanja wa shangazi yangu. Nikakaa chini nikalia, nikiwa sijaliona hata kaburi lenyewe.

Aliyenishika mkono ni Mama Teura, yule aliyekulaza kwake. Kule nao mwanamke mtu mzima wanamwita Mama, kwa hiyo hilo neno halikuhitaji mkalimani. Ni mjane kama mimi, mnene, ana ua sikioni tangu asubuhi mpaka jioni, na ni mmoja wa wachache waliokataa kukihama kijiji kikongwe. Akanivuta taratibu hadi mbele ya kibaraza chake.

Kule hawapeleki wafu wao mbali. Wanawazika uani, mbele ya mlango, hatua chache tu kutoka wanapokula. Palikuwa na makaburi matatu, la mumewe, la mama mkwe wake, na lako. Yote matatu yamefunikwa mchanga mweupe pepepe, yamezungushiwa kome, na mashada ya shanga za kaure yamewekwa juu. Lako halikuwa la pembeni. Lilikuwa katikati, kuku wakipita, na mjukuu wake anaegemeza baiskeli jirani na miguu yako. Mimi miaka yote nilikuwa nakulilia upweke, kumbe mwenzangu hujapata hata dakika ya kimya.

Mtandao kule unapatikana kwenye baraza ya ofisi ya kijiji kipya tu. Tukavuka maji na Mama Teura, tukakaa kwenye benchi, nikampigia Mama Beya. Nikasikia mashine za saluni zikinguruma, na mtu wa Durban anapiga honi chini mtaani. Mama Teura akazungumza kwa kirefu. Mama Beya alikuwa anaitikia "oui, oui," kisha akamwambia mtu azime mashine, nikajua kuna jambo.

"Ma chérie, sikia mama anasema nini. Bwana yako alikuwa anasali kila siku, na ile maumivu yote. Anakaa chini, anaangalia citerne. Citerne ni ile tanki ya maji ya mvua, uliiona pale uani kwake? Kila siku tanki, kila siku tanki. Sasa alipokufa, banajiuliza, tumuweke namna gani? Ule mama akasema, tumuweke aangalie kitu alikuwa anapenda kuangalia."

Walidhani umelipenda tangi la maji, baba Zuhura! Nilicheka hadi Mama Teura akacheka bila kujua kwa nini. Akaendelea kueleza kwamba wanawe wa kiume ndio waliokuosha, na walikuosha kwa maji ya tangi hilo hilo. Kisiwa kile hakina mto wala kisima cha maji matamu, wanakunywa mvua. Msimu ule ulikuwa wa ukame, lakini kukuosha kwa maji ya chumvi walikataa. Shuka nyeupe ilitoka kwenye sanduku lake, aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe.

Tuliporudi nikasimama kwenye kaburi na kufungua simu. Ile programu ya kibla haihitaji mtandao, inasoma tu mahali ulipo. Kwanza nikatafuta tangi liko upande gani. Liko kaskazini. Bila shaka liko kaskazini! Uliamka kitandani kwa watu, mgonjwa, kwenye kisiwa usichokijua hata jina, na mwili wako ukageuka kulekule ulikozoea tangu Tanga. Hukuuliza. Kisha nikatazama mshale wa kibla. Ukazunguka, ukasimama. Kusini-magharibi. Nyuma ya kisogo chako.

Nilikukasirikia, mume wangu, nilikukasirikia kwelikweli, palepale mbele ya marehemu wengine wa watu. Nilitaka kukwambia kwamba siku moja tu, siku hiyo moja, ungeuliza.

Sikuwa na wa kumtupia lawama. Wale watu walikulaza pale ulipowaonyesha wewe mwenyewe. Lakini amri ya mama yako ilikuwa masikioni mwangu, na sepetu ilikuwa imeegemezwa kwenye mnazi. Nikamrekodia ujumbe ustadhi wetu wa Durban, yule uliyekuwa ukimtania kwamba anasema mbio kama ana deni la swala, nikamuuliza kama nikugeuze, na kijana wa Mama Teura akaipeleka simu ng'ambo ikatume. Kisha nikangoja.

Siku iliyofuata wanawake wa kijiji kipya walivuka na vikapu. Sikukuu yao ya wafu ilikuwa imekaribia, na kila mwaka kabla yake huchota mchanga mpya ufukweni, huuosha, huuchekecha, kisha humwagia makaburi yote. Mchanga wa zamani huondolewa hadi chini, eti wafu nao hubadilishiwa matandiko. Mama Teura akanipa kikapu. Tulipokwisha kuuondoa mchanga wa zamani juu yako, udongo ukabaki wazi, akaniangalia. Akaelekeza sepetu, akaelekeza wanawe, akanielekeza mimi. Hata bila Mama Beya nilimwelewa. Nikitaka, watakufungua. Wewe ni mtoto wa nyumba yake, lakini mimi ndiye mwenyewe.

Nikamwomba kwa mkono asubiri. Tukakaa wote, wanawake wote wale na vikapu vyao vimejaa, hakuna aliyenung'unika.

Simu ilirudi mchana na sauti ya ustadhi. Hata yeye safari hii alikuwa hakimbii. Alisema: "Mama Zuhura, imenibidi nitafute ramani ya dunia, ile ya duara. Makka iko huku, na kisiwa chako kiko karibu kabisa na nyuma yake, upande wa pili hasa. Kutoka hapo ulipo, ukielekea kusini-magharibi unafika Makka. Ukielekea kaskazini, unafika pia, yaani baada ya kuzunguka nusu ya dunia nzima utaikosa kwa umbali tu kama wa Tanga na Pangani. Mashariki vilevile. Wapi hufiki? Mwenye kujua zaidi ni Mungu, lakini kama ni mimi, simgusi."

Nilisikiliza mara ya pili, nikatamani kuelewa kwa mikono yangu. Nikaokota nazi iliyofuliwa. Wewe unajua nimekuna nazi ngapi maishani, na sijawahi kuitazama. Kifuu kina mistari mitatu. Inaanza kwenye ncha ya huku, inashuka kila mmoja kwa njia yake, na yote inakutana huko kwenye macho. Nikaweka kidole kwenye ncha, wewe hapo. Nikaweka kingine kwenye macho, Makka hapo. Nikafuata mstari wa kwanza, ukafika. Wa pili ukafika. Wa tatu ukafika. Nikapitisha kidole hata pasipo na mstari, ikawa vilevile.

Mama Teura alikuwa ananitazama mkono. Sijui alielewa nini. Akaichukua sepetu, akaipeleka nyuma ya jiko, akarudi na kunisukumia kikapu. Nikakumwagia mchanga mpya, mume wangu, nikausawazisha kwa viganja kama ninavyokutandikia kitanda. Nikakusomea Fatiha, wao wakakuimbia wimbo wao. Kisha tukala shelisheli la kuchoma palepale uani, nawe katikati yetu.

Nilirudi kwa kupitia Tanga. Mama yako sasa haoni kabisa. Alinishika uso, akapapasa kama nimekonda, kisha akauliza kabla hata sijavua viatu.

"Kalazwaje?"

Nikamwambia ameoshwa kwa maji matamu na kuvikwa nguo nyeupe. Nikamwambia analala mbele ya mlango wa mama mwenzake, wala hakai peke yake. Akangoja, alijua bado sijajibu. Nikaingia jikoni kwake, nikatoka na nazi, nikamwekea mikononi.

"Mama, hapa kwenye ncha ndipo alipo. Huku kwenye macho ndiko Makka. Pita na mstari."

Vidole vyake vikashuka polepole. "Huku imefika."

"Pita na wa pili."

"Imefika." Akageuza nazi. "Na huku nako imefika." Akaipapasa yote, akarudia, akainua uso. "Sasa yeye katazama wapi?"

"Kaskazini, mama. Bila kumuuliza mtu."

Akainamia nazi, nikaogopa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikaona anacheka, anacheka na kulia pamoja, nazi imekumbatiwa kifuani.

"Mtoto huyu," akasema, "tangu mdogo haelekezeki. Kaenda kujitafutia mahali pekee duniani asipoweza kupotea."

Tangu siku hiyo hajaniuliza tena. Analala usingizi, jirani zake wananihakikishia. Na mimi mikono yangu haisimami tena katikati ya nywele za watu. Zuhura anataka akimaliza shule aje kukutembelea, naye amekwisha kuniambia hahitaji kuelekezwa. Nikautazama tu ule uso wako alio nao.

Kaa hapo hapo, baba Zuhura, usigeuke. Msalimie mume wa Mama Teura. Sisi bado tuko njiani, kila mmoja na taxi yake, na mimi bado nauliza kila kona. Lakini usitie shaka.

Tutafika tu.

Mkeo,
Mama Zuhura
Durban